Kibao cha USIGUSE

Wapendwa, mlio nyuma sogeeni, mie sina sauti ya mhubiri.

Nilisomea historia ya sanaa, serikali ikaniajiri kutunza vitu vya kale. Ulipofika ule wakati wa kupunguza wafanyakazi, nikapunguzwa. Nikarudi hapa Sumbawanga na vyungu nilivyovikusanya mwenyewe tangu Mwimbi hadi Namanyere. Nikakodi chumba sokoni, nikavipanga kwenye rafu, nikatundika kibao: USIGUSE.

Ndugu zangu, nawaambia, nilisubiri mpaka nikazoeana na mjusi wa ukutani. Watu walichungulia, wakasoma kibao, wakaenda zao kuchambua mitumba. Nikawatukana moyoni: washamba hawa, sanaa wataijulia wapi? Hapo ndipo nilipoanguka, si siku ile ya kupunguzwa. Mnacheka? Niliowatukana ni ninyi!

Mwenye chumba akasema mwisho wa mwezi anaweka mitumba humo. Vyungu sikuwa na pa kuvipeleka, na kazi ya maisha yangu yote ilikuwa mle ndani.

Siku ya soko akaingia bibi mmoja mfinyanzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akikinyanyua chungu nilichokipenda kuliko vyote. Nikapiga ukelele. Wala hakushtuka. Akakigonga kwa kidole, akatega sikio.

"Mwanangu, hiki kina ufa."

"Bibi, nimekitazama miaka sita! Nimekiandikia kitabu kizima!"

"Umekitazama. Umekigonga?"

Nikagonga. Sauti butu. Akanipa chake alichokuja kuuza, kikalia kama kengele. Niliona aibu, jamani.

Nikaking'oa kile kibao. Nikatandika mikeka nje, nikavitoa vyungu vyote, nikaita watu waje wagonge. Wakaja wafugaji waliotoka mnadani, wakaja mama lishe, hata wauza mitumba wakaacha marobota yao. Bibi akawafundisha kusikiliza. Vilivunjika vitatu, na nililia kwa kimoja tu.

Chumba nilikiachia. Tangu hapo nazunguka na vyungu vyangu minadani, nimefika mpaka Kasanga, na sijachoka, wala sitaacha.

Namshukuru yule bibi, na jirani aliyeniazima mkokoteni wa kuvibebea vyungu bila kuniuliza maswali. Nilichojifunza ni hiki: niliwafungia watu mlango kwa mkono wangu, kisha nikawalaumu kwa kutoingia. Wewe mwenye kibao chako nyumbani, king'oe.

Chungu chenyewe chenye ufa ni hiki hapa. Pokea, mama. Gonga, kisha mpe wa nyuma yako.