Ukuta Ulioandikwa Tayari

Kwenye basi la asubuhi nilikaa nyuma ya mafundi wawili wasiojuana. Masikio yangu ni mazee, lakini kwa mambo ya watu hayajambo.

Mpiga plasta hakutulia, goti likimcheza kama cherehani. "Kaka, juzi nimemaliza ukuta wa bafu, laini kama shavu la mtoto. Nikaandika kwa chaki, TAYARI. Jana narudi, fundi bomba kaupasua toka juu mpaka chini! Leo msimamizi anatukutanisha. Mmoja wetu anafukuzwa."

Jirani yake alikuwa anazungusha kipande cha bomba mapajani. Akaacha. "Uliandika tayari?"

"Herufi kubwa!"

"Sasa bwana, tayari kwa nani? Fundi bomba akisoma tayari, anajua ukuta unamsubiri yeye."

"Tayari maana yake nimemaliza, usiguse!"

"Tayari maana yake anza! Chakula kikiwa tayari, wewe unakitazama tu?"

Nilibana kicheko, kikanitokea puani.

"Kwani hukuweza kumwambia mwenzako?" mwenye bomba akauliza.

"Nimwambie wapi? Yeye anaingia nikishatoka. Hata sura yake siijui."

Mwenye bomba akageukia dirisha, jasho likimtiririka. Nilitamani niwatambulishe, ila utamu ungeisha.

Basi likasimama. Mpiga plasta akainuka. "Haya kaka, niombee."

Alipokwisha kushuka, kondakta akamgonga begani aliyebaki. "Bwana mkubwa, si ulisema unashuka hapa?"

Akashuka polepole, bomba kalificha nyuma ya mgongo.