Kesi ya Kapteni Odi Hapa Muthara

Hili benchi langu lilikuwa la kanisa. Walipoletewa viti vya plastiki wakataka kulipasua kuni, nikalikimbilia, nikalibeba kichwani mpaka hapa nje ya kibanda changu cha kushona viatu, Muthara, pembeni ya jiko la Kajuju. Tangu siku hiyo watu huketi juu yake wamenyooka mgongo kama wanangoja mahubiri, halafu wanaongea upuzi mpaka jua liwake. Mimi naitwa Soli, na jina nililobatizwa silisikii tena labda siku ya kura. Kajuju anapika kahawa. Ndiyo, kahawa! Huku tunalima kahawa tangu enzi za babu na kunywa chai, mpaka huyu mama akaanza kukaanga zake mwenyewe kwa sufuria nyeusi, akaziponda kwa kinu, na sasa hakuna mtu anabanduka hapa kabla birika la pili. Mfereji uko hapo karibu na jiko. Akiishiwa, anageuza tu koki.

Basi Ijumaa hiyo saa nne asubuhi tulikuwa tumejaa. Jana yake jioni Lennox alikuwa ametuonyesha sehemu ya tatu ya siriz moja, filamu ya vipande vipande. Lennox ndiye anachaji simu za watu na kuonyesha filamu kwa ukuta, na kwa sababu Kizungu cha hiyo siriz kinatoka puani, yeye husimama mbele na kututafsiria. Jina la kweli la hiyo filamu ni refu, sijui nani aliliandika. Lennox ameiita Safina ya Chuma.

Kwa ufupi ni hivi. Kuna meli kubwa inaenda nyota nyingine, safari ya miaka themanini. Kapteni ni mwanamke, Odi. Sehemu ya kwanza, jiwe linagonga meli na tangi la hewa linapasuka. Sehemu ya pili, wanapiga hesabu wanaona hewa haitoshi watu wote. Kapteni Odi anafunga mlango wa chuma wa deki ya saba, na huko ndani kuna watu mia tatu na kumi na wawili. Anafunga, anarudi, anaosha mikono. Sehemu ya tatu inaisha na mlango ule ule unagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo, ngo. Lennox akazima. Watu karibu wampige.

— Huyo mama ashikwe! Lennox alianza hata kabla hajaketi. — Mimi nimetafsiri kwa mdomo wangu, na nawaambia huyo ni muuaji.

— Wewe ulitafsiri vibaya, Spana akasema. Kapteni alisema anafunga kwa muda.

— Kwa muda! Hewa unafungia mtu kwa muda?

Hapa lazima nimweleze Spana. Ni Mutembei, na tunamwita Spana kwa sababu yeye ndiye anashika ufunguo wa valvu ya mradi wetu wa maji. Ni chuma kirefu kama mkono, anatembea nacho hata harusini. Siku kumi na tisa kabla ya Ijumaa hiyo tenki lilishuka sana. Maji yetu yanashuka yenyewe kutoka mlimani, na laini zote zikiwa wazi yanakimbilia chini yote, dispensari na shule zilizo huku juu zinabaki na upepo. Komiti ikamwambia Spana afunge laini ya chini, siku tatu tu. Akafunga. Siku tatu zikapita, komiti haikukaa tena, na Spana hana ruhusa ya kugusa valvu bila komiti. Watu wa chini sasa wanamsalimia kwa kidevu. Hata mama ya bibi yake anakaa chini huko, na yeye pia alifungiwa. Spana alikuwa anajisifia hiyo: ati hapendelei mtu, hata mkwe. Lakini nilikuwa nimemwona amekonda. Sehemu ya pili ilipoisha alikuwa wa kwanza kutoka, na hakumuaga mtu.

— Hamjaelewa hiyo hadithi, akasema Mwalimu Runji. Mwalimu amestaafu lakini ubao haujamtoka kichwani. — Hiyo meli haijawahi kuondoka.

— Ati nini?

— Iko jangwani. Angalieni chai ya kapteni. Angani chai huelea, nilifundisha darasa la saba miaka ishirini na sita. Ya huyu imetulia kwa kikombe! Hizo nyota ni picha. Wamefungiwa hapa hapa duniani na serikali fulani, waonekane watafanya nini.

— Kwa hivyo wakifungua mlango wanatokea Isiolo? Kajuju akauliza huku akimimina.

— Wanaweza kutokea Isiolo.

Tulicheka mpaka gundi ikanimwagikia. Mwalimu hakucheka. Anapoamini kitu anakuwa sawa na mbuzi aliyekataa kuvuka mto.

— Mimi nitawaambia ukweli, Kajuju akasema. Huyo Odi alikufa na lile jiwe. Sehemu ya kwanza, mwanzoni mwanzoni! Kuna mtu ameona akila?

— Si chai... Mwalimu akaanza.

— Anashika kikombe. Kunywa hanywi. Mimi nauza vinywaji, najua mtu anakunywa na mtu anashika kikombe.

Lennox akaruka wima. — Basi sikieni hii! Kama yeye amekufa, wale wa deki ya saba ndio wazima. Huko ndani kuna ghala la mbegu, mnakumbuka? Wamekula mbegu. Mbegu zimeota ndani yao. Sasa wanatoa hewa wenyewe kama miti! Wanagonga mlango si wafunguliwe, wanagonga kuwauliza hawa wengine kama wanataka hewa!

— Wacha miraa, kijana, Mwalimu akamwambia.

— Sijagusa leo!

— Basi gusa, labda itakurudisha.

Spana alipiga chuma chake kwa benchi. Kikombe changu kiliruka.

— Mnakimbia maneno! akasema. Chai, mbegu, Isiolo! Swali ni moja. Alifanya vizuri ama alifanya vibaya? Hewa haitoshi. Ukiacha mlango wazi, wote wanakufa. Mngefanya nini, nyinyi na midomo yenu?

Kila mtu alijua hatuongei juu ya meli, na kila mtu akajifanya hajui. Hivyo ndivyo tunavyopendana hapa.

— Tufanye kesi, Mwalimu akasema polepole. Kama wazee wa baraza la Njuri. Akipatikana na hatia, faini ni mbuzi dume na asali.

— Nani atalipa? Lennox akauliza. Yeye yuko angani.

— Wewe uliyemleta.

Tukapiga kura kwa mikono. Lennox na Mwalimu wakasema ana hatia. Spana akainua mkono wa kumwachilia, na akauinua juu sana, na Kajuju akamfuata, akisema maiti haishtakiwi. Mbili kwa mbili. Wakanigeukia.

— Mimi ndiye mwenye benchi, nikasema. Sipigi kura.

Huo ulikuwa uongo wa mtu mwoga. Ukweli ni kwamba mfereji wangu uko laini ya juu. Wiki hizo tatu nilikuwa nikimwagilia sukuma wiki asubuhi na jioni, na hata pikipiki nilikuwa naosha. Nilitaka kapteni aachiliwe haraka tuendelee na kahawa.

— Basi tumuulize mtu wa kwanza atakayepita, akasema Mwalimu. Asiye na upande.

Na mtu wa kwanza kupita akawa Gatakaa.

Alikuwa anapanda kutoka chini na punda, mitungi sita mitupu inagongana mgongoni mwa mnyama. Gatakaa ni mama ya bibi ya Spana. Ni mama mnene, mcheshi, na kanisani sauti yake ndiyo hushikilia wengine wasipotee. Spana alipomwona alisimama kama benchi limemuuma. Kwetu mkwe haketi benchi moja na mama mkwe, wala hampi mkono, wala hawatazamani ana kwa ana. Akasogea mpaka kwenye nguzo ya kibanda changu, akaanza kuangalia barabara kana kwamba lori fulani limechelewa.

— Muga, baite! Gatakaa akasalimia.

— Muga muno, mama. Karibu ukae.

Akaketi pale pale Spana alipotoka. — Aki nimeshukuru. Nimetoka nyumbani jogoo hajaamka. Kule kisimani foleni ni ya punda, sio watu, nimeona nije nijaribu huku kwa dada yangu. Mnajadili nini na hizo sura? Kuna msiba?

— Kuna kesi, Mwalimu akasema, na akamweleza yote. Akamweleza vizuri, nitampa haki yake: jiwe, tangi, hewa haitoshi, mlango wa chuma, watu mia tatu na kumi na wawili, walioijenga hiyo meli bega kwa bega na hao wengine. Gatakaa alisikiliza akinywa kahawa yangu. Hakuniuliza.

— Kwa hivyo kura ni mbili mbili, Lennox akamalizia. Sasa ni wewe, shosho. Ana hatia ama hana?

— Huyo mama kapteni, alifikiria kwanza?

— Alifikiria sana, ikasema nguzo. Yaani Spana, lakini aliniambia mimi, macho yakiwa barabarani. — Soli, mwambie alifikiria sana. Mwambie hakulala.

— Nimesikia, akasema Gatakaa kwa upole. Hata mimi singependa kazi kama hiyo. Kuna mtu lazima afunge. Nitainua mkono, lakini niambieni kitu kimoja kwanza. Kitanda cha huyo kapteni kiko upande gani wa mlango?

Lennox akamtazama Mwalimu.

— Si... iko... Mwalimu akasema.

— Ngoja, ngoja! Lennox akakimbia kwa duka lake, akarudi na kompyuta, akaiweka mapajani. Akapeleka mbele. Akarudisha nyuma. Sote tukainama juu yake, hata Kajuju na mwiko mkononi. Tuliona kapteni akitembea, kapteni akifunga, kapteni akiosha mikono. Mahali anapolala hatukuona. Sehemu tatu nzima tulikuwa tumetazama, na hakuna hata mmoja wetu alikuwa amejiuliza.

— Haijaonyeshwa, Lennox akasema.

— Basi mkijua mtaniambia, Gatakaa akasema, akasimama na kupangusa sketi. Kahawa yako ni tamu, Kajuju. Twende, wewe, akamwambia punda.

Akaenda zake. Hakuwa amemtazama Spana hata mara moja, kwa heshima tu, na hakuwa amesema neno moja juu ya maji. Mitungi ikaendelea kugongana mpaka ikapotea nyuma ya kinu cha unga, posho mili yetu.

Mimi niliona aibu, sitaficha. Nilikumbuka tulivyochimba ule mtaro wa mabomba ya maji, kila boma mita ishirini. Watu wa chini walianza na sisi, huku juu kwenye mawe, kabla ya kufika kwao. Gatakaa alichimba mita zake na za ndugu yake mgonjwa. Akaja akachimba na zangu mbili, kwa sababu nilikuwa na malaria.

Spana alikuwa bado kwa nguzo.

— Tenki la dispensari lilijaa Jumatatu ya kwanza, akasema. Hata hakuwa anamwambia mtu. — Shule ilifunga likizo wiki iliyofuata. Nilijua. Kila asubuhi nafungua mfereji wangu, naosha uso, na najua.

— Si ungesema? Kajuju akauliza.

— Na nyinyi?

Spana akachukua chuma chake.

— Mutembei, komiti haijakaa, Mwalimu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo nasikia mtu akimwita jina lake. — Katiba ya mradi, kifungu cha nne...

— Komiti itanikuta kwa valvu. Leo nafunga ya juu, nafungua ya chini. Siku tatu. Halafu tunabadilisha, siku tatu, siku tatu, mpaka mvua inyeshe. Na bibi yangu akiuliza maji, mwambieni alete mtungi, tutaenda kisimani na yeye.

Akazunguka kwa njia ya shambani, mbio, kwa sababu barabarani mama mkwe alikuwa mbele na hangeweza kumpita. Tulimwona akiruka ua wa watu na lile lichuma begani, shati limetoka nje. Lennox akaanza kucheka, na sote tukashikwa. Tulicheka kwa sauti mpaka mwenye posho mili akatoka kuangalia.

— Hata kama, Mwalimu akasema akifuta macho, hiyo meli iko Isiolo.

— Odi amekufa, Kajuju akasema.

— Mbegu! akasema Lennox.

Ikaendelea hivyo, nusu saa hivi. Halafu mfereji wa Kajuju ukakohoa. Ukatema maji kidogo, ukatema hewa, ukanyamaza. Tukautazama wote wanne. Mimi nilikuwa sijanywa kikombe kizima siku hiyo, changu alikimaliza Gatakaa. Nikakinyoosha kwa mazoea.

— Kajuju, weka birika la pili.

— Kwa maji gani?

Nikakirudisha kikombe kwa benchi. Lennox akafunga kompyuta yake, akaenda nyuma ya duka, akarudi amebeba mitungi miwili, na akauliza kama kuna mtu ana punda.