Viatu Arobaini na Nane na Boti ya Saa Kumi

Ijumaa, tarehe 28 Februari 2020, Mzee Shaame Haji anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya safari hapa Gulfton, mtaa wa Houston, Texas, kwa miaka kumi na minane, miezi kumi na moja na siku kumi na sita. Mwenyewe husema ni "kama ishirini hivi". Hesabu zake siku zote zimekuwa za ukarimu.

Aliajiriwa tarehe 12 Machi 2001 kuwa dereva wa gari la uwanja wa ndege. Baadaye aliendesha hadi Arlington na Fort Worth, na abiria aliyeuliza wamebakiza muda gani alijibiwa: dakika kumi. Zilikuwa kumi wakitoka Houston, kumi katikati ya njia, na kumi Arlington ikiwa mbele ya macho. Hakuna aliyelalamika, maana alisimulia kila mji kana kwamba amezaliwa humo. Ndiyo maana mwaka 2014 Bi Lubna, mkurugenzi wetu, alimtoa kwenye usukani akamfanya kiongozi wa misafara.

Kipaji kilikuwepo, saa ndiyo haikuwepo. Kufikia 2018 alikuwa ameshachelewesha makundi mawili. Kabla ya msafara wa Malta, Bi Lubna alimwambia mbele yetu sote: "Ami Shaame, nakupenda, lakini boti ya Gozo ikikuacha, safari hiyo naifuta na wewe unarudi kwenye gari la uwanja wa ndege." Mzee alijibu kwamba hata dakika moja haitapotea.

Jumanne, tarehe 9 Oktoba 2018, aliwavusha Warundi ishirini na watatu, waumini wa parokia moja ya Fort Worth, kutoka kisiwa kikuu cha Malta hadi kisiwa jirani cha Gozo. Walikwenda kutwa moja kuona mahekalu ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka elfu tano. Boti waliyokodi ilikuwa iondoke saa kumi kamili alasiri.

Mzee Shaame amelelewa Zanzibar, na miguu yake haijazoea kuingia nyumba ya ibada na viatu. Penye lango la hekalu akavua vyake bila kufikiri. Warundi wakadhani ndiyo sheria ya mahali, nao wakavua, wakavipanga mstari ulionyooka. Mlinzi aliwatazama, akaendelea na chai yake.

Ndani, Mzee alisimulia vile wenyeji wasemavyo, kwamba mawe yale yalibebwa na jitu la kike lililokuwa pia limebeba mtoto. Mama Marie-Goretti, mmoja wa Warundi hao, aliyapima kwa macho. "Mzee, mimi pale ghalani nabeba zaidi ya hayo kila zamu, na mtoto nimeshamfikisha shule kwanza. Hekalu langu liko wapi?" Mjadala ukawa mtamu, ukachukua nusu saa.

Walipomaliza, waligundua kwamba watu hutokea upande mwingine kabisa. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Viatu arobaini na nane, pamoja na vya kiongozi, vilikuwa kule walikoingilia.

Mzee Shaame, aliyekuwa na miaka sitini na mitatu, alitimua mbio. Kundi lilikwenda kwenye basi peku, likichagua pa kukanyaga. Alirudi na viatu vyote vimefungwa kwenye kitenge alichoazimwa na Mama Marie-Goretti, ameviweka kichwani. "Hesabu watu," alimwambia dereva akihema. "Viatu vitajihesabu vyenyewe." Waliingia botini saa kumi kasoro dakika mbili. Kitenge kilifunguliwa baharini, na Bwana Nazaire, muumini mwingine wa kundi hilo, alifika Malta na kiatu kimoja chake na kimoja cha mkewe.

Ripoti yake tunayo jaladani: "Kundi limerudi kwa wakati. Viatu vimerudi baadaye kidogo." Bi Lubna aliisoma mara mbili, akafunga mlango wake, nasi tukamsikia akicheka. Gozo haikufutwa. Mwaka uliofuata parokia ileile iliandikisha makundi mawili, kwa sharti kwamba kiongozi awe Shaame.

Safari ya Gozo ya Oktoba hii tayari ina majina kumi na tisa. La kwanza ni lake, upande wa abiria. Bi Lubna amemwahidi kwamba safari hii akichelewa, boti itaondoka bila yeye.

Asante kwa miaka yote, Mzee Shaame. Mungu akupe afya na mapumziko marefu, na asubuhi zisizo na mtu wa kukuuliza umefika wapi.