Mkubwa Mwenye Tumbo Lake

Ndani ya basi, mbele yangu walikaa wazee wawili wasiojuana, kila mmoja na fimbo yake ya kuvulia samaki.

"Mto umekwisha, ndugu yangu," alisema mwenye kofia. "Watu wanavua mpaka vitoto! Mimi mdogo namrudisha majini, nabeba mkubwa mwenye tumbo lake." Akaiweka sawa kofia yake kama anayesubiri pongezi.

Mwenzake akaguna. "Tumbo hilo ni mayai, bwana. Unabeba mama, unabeba na wanawe, halafu unauliza ukoo umekwenda wapi?"

"Kwani wewe unabeba yupi?"

Mwenzake akatazama dirishani. "Yeyote anayekuja."

Basi liliposimama darajani walisukumana mlangoni, kila mmoja akitaka kuliwahi jiwe la mtoni ambalo samaki wakubwa hujificha chini yake.