Mapokezi ya Waziri Alinanuswe

Kitendawili, mjukuu wangu! Jana alikuwa wangu peke yangu, leo ni wa watu wote. Umeshindwa? Nipe mji. Ni wakili aliyefanywa waziri. Jibu hilo nililipata ndani ya basi dogo la Kosta, tukitoka Vwawa kwenda Tunduma.

Mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana, Mama Nesta na mkulima wa Nanyala aitwaye Sebastian. Wote walikuwa wanakwenda kumpokea Alinanuswe, waziri mpya wa sheria.

"Huyo alikuwa wakili wangu," Mama Nesta akasema. "Mume wangu alipofariki, shemeji alichukua shamba letu la kahawa. Kesi imebaki hukumu tu, wakili akateuliwa."

"Si ndiyo bahati, mama! Sasa anampigia hakimu simu moja tu, shamba lako."

"Na wewe baba, ungekuwa ndiye shemeji yangu, hiyo ungeiita haki?"

Sebastian akakuna kidevu. Kukuna huko wanaume hukuita kufikiri. "Haya, yaishe. Leo ukimfikia utamwomba nini?"

Kabla Mama Nesta hajajibu, tulifika Mpemba, foleni ya malori ikatusimamisha, na konda akasema wenye haraka watembee. Mama akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Ng'ombe wa mapokezi katolewa na shemeji yangu," akamwambia Sebastian. "Nitamwomba waziri asile nyama."