Tende ya Mjomba Zaghlul

Pantoni ilikuwa imekwisha kuiacha gati ya Port Said kijana mmoja aliporukia ndani, kichanga mkononi na tende mfukoni. Anampeleka mwanawe ng'ambo ya mfereji, alitueleza akihema, mjomba wake Zaghlul amtafunie tende na kumpaka kinywani, ili mtoto achukue tabia yake.

"Tabia gani?" aliuliza mwalimu wa Kiingereza aliyeketi kando yangu.

"Upole, ustadhi. Ila ana kigugumizi."

"Ya salaam! Unampeleka mwanao kwenye kigugumizi kwa miguu yako? Lete hiyo tende, mimi nimtie Kiingereza. Wenyewe wana kitenzi chao, 'impart': unampa mtu elimu, nawe hupungukiwi." Hapo hapo akamfokea muuza chai aliyemkanyaga, na kichanga kikaanza kulia.

"Na hasira nazo unagawa, ustadhi?"

"Hasira si somo, mwanangu!"

"Basi na kigugumizi si somo."

Hata hivyo niliona mkono wa kijana ukiingia mfukoni na kuishika tende. Masomo ya ziada ni ghali mjini kwetu, na hapa mwalimu alijitolea bure. Mimi niliyemaliza chuo juzi nilitaka kuwaamini wote wawili.

"Nilishamwahidi mjomba," kijana alisema mwishowe, kama anayemwomba mtoto radhi.

Pantoni ikagota. Mzee Zaghlul alikuwa akingoja gatini. Akaitafuna tende, akampokea mtoto. "Bi... bi... bi..."

Mwalimu akatikisa kichwa. Sisi wengine tuliisubiri bismillahi mpaka ikaisha. Kichanga kilikuwa kimenyamaza tangu "bi" ya kwanza.