Mbwa wa Miguu Mitatu Niliyemsingizia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mara ya pili, maana nimesimama hapa kwa miguu yangu yote miwili, na kuna siku daktari aliutazama huu wa kushoto akatikisa kichwa.

Kwa wageni, mie ni Mama Upendo, fundi cherehani, nakaa huku huku Kibamba, nyumba ya tatu kutoka hapa kanisani. Sare za kwaya mnazoziona hapo mbele nimezishona mie. Wenyeji mnanijua, na mnakumbuka kwamba kabla ya masika nilisimama mahali hapa hapa nikatoa ushuhuda, mkanipigia makofi na vigelegele. Leo nimekuja kuufuta ushuhuda ule. Mnivumilie, nina furaha nyingi na aibu nyingi, na zote zinataka kutoka kwa mdomo huu mmoja.

Mguu wangu wa kushoto ulianza kufa ganzi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu ukiwa hausikii, pedeli inakwenda inavyotaka. Nikawa nashona mshono umepinda, mteja analeta gauni na mdomo ameuvuta. Kisha kikatokea kidonda chini ya unyayo, tena hakiumi! Mwenye akili zake angesema kidonda kisichouma ni habari ya hospitali. Mie nikasema hii ni kazi ya mtu.

Na huyo mtu nilikuwa naye tayari. Jirani yangu wa ukutani ni Bi Zuhura, mjane, mtu wa pwani, wa swala tano, anayekaanga vitumbua barazani kwake kila asubuhi. Tulikuwa tunasalimiana juu juu tu. Kila Alhamisi alikuwa anafukiza ubani, moshi unaruka ukuta na kuja kukaa kwenye vitambaa vyangu. Yeye alikuwa ananukisha nyumba yake, mie huku nakohoa na kukemea.

Sasa wiki ile ile ya kidonda akatokea mbwa. Mdogo, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, jingine limelala, na mguu wa mbele hana. Wa kushoto, ndugu zangu! Alikuwa anapenya kwenye tundu la ukuta kutoka kwa Bi Zuhura, anakuja moja kwa moja hadi kwenye cherehani, ananusa mguu wangu uliofungwa kitambaa, ananitazama usoni, halafu anaondoka. Kesho yake tena. Nikasema huyu wake umeshakwenda, sasa anaufuata wangu.

Kilichonimaliza kabisa ni alasiri moja nilipochungulia kwenye lile tundu. Nikamwona Bi Zuhura amechutama nyuma ya nyumba, anachota udongo kwenye kopo, anajisugua mikono, anamimina maji, na anahesabu kwa sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, mpaka saba. Na mie nikahesabu naye. Jumapili iliyofuata nikapanda hapa.

Niliwaambia kwamba jirani yangu amenitupia kitu mguuni, na kwamba anamtuma mbwa wa miguu mitatu kuja kukikagua. Jina sikulitaja, najisifu kwa hilo? Nilisema anauza vitumbua. Wauza vitumbua wenye mbwa wa miguu mitatu Kibamba hii wako wangapi?

Ndugu zangu, mlinisikiliza kuliko nilivyotaka. Kufikia Jumanne, vitumbua vya Bi Zuhura vilikuwa vinapoa kwenye sinia na yeye amekaa nyuma yake anapunga nzi. Watu walikuwa wanavuka barabara ili wasipite barazani kwake. Mtu mmoja akamrushia mbwa jiwe, jiwe likamkosa mbwa likapasua kioo cha dirisha. Mie nikasema, tazama Mungu anavyofanya kazi. Nikamwagia yule mbwa maji ya chumvi niliyoyaombea siku tatu. Akajikung'uta, akakaa chini, akanusa mguu wangu.

Baada ya wiki chache nikaona kibao kwenye geti la Bi Zuhura: Nyumba inauzwa. Nilifurahi, siwafichi. Nilitoka kwenda kukisoma kwa karibu, nikiwa na kiu ile iliyokuwa hainiishi, ndoo nzima ya maji nakunywa na ulimi bado mkavu. Nilipofika getini, dunia ikazunguka. Nikaanguka pale pale chini ya kibao.

Nilichosikia ni mbwa anabweka kama kafumania mwizi. Kisha Bi Zuhura akawa amepiga magoti pembeni yangu, anafungua kitambaa cha mguu. Akaunusa kwa mbali, akaniuliza, pale pale barabarani, mbele ya watu:

"Mwenzangu, unakwenda haja ndogo mara nyingi? Na chooni kwako sisimizi wanajaa?"

Nikashtuka. "Nani kakwambia?"

"Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha. Hii sukari. Yeye alikatwa mguu, halafu akaniacha. Wewe bado unawahi. Inuka, bajaji hii hapa."

Akanishika kwapani mwenyewe, akanipakia. Hakuna hata mmoja wa watu wangu wa maombi aliyejua kwamba nimekwenda hospitali, maana nilikuwa nimewakataza kulitaja hilo neno.

Huko wakanipima, sukari imepanda hata nesi akarudia kupima akidhani mashine imeharibika. Wakaufungua mguu. Daktari akaingiza koleo, akatoa kitu chembamba, kifupi kama punje ya mchele, akakiweka kwenye kisahani. Akaniuliza, mama, unafanya kazi gani?

Ndugu zangu, kilikuwa kipande cha sindano ya cherehani. Naikumbuka sindano ile, ilinivunjikia nikikunja suruali ya jinzi. Nikaokota nusu, nusu ya pili nikasema nitaitafuta baadaye. Nilikuja kuikanyaga wala sikusikia, kwa sababu sukari ilikuwa imeshautia ganzi unyayo mzima. Kile kitu nilichotupiwa nilikitupa mwenyewe sakafuni kwangu! Mnaweza kucheka, mie mwenyewe nilicheka, kisha nikalia, kisha wakaniondoa vidole viwili ili mguu ubaki. Mguu umebaki, haleluya!

Bi Zuhura alikuwa ananiletea uji usio na sukari. Siku ya tatu nikajikaza nikamuuliza kuhusu ule udongo. Akanitazama kidogo.

"Yule mbwa aligongwa na pikipiki barabara kubwa, nikamkuta kwenye mtaro. Daktari wa mifugo akamkata mguu ili apone. Kidonda chake lazima kisafishwe, na mate yake kwetu ni najisi. Yakinigusa, nanawa mara saba, mara moja kwa udongo. Ndipo nisimame kuswali."

"Sasa si ungemwacha tu mtaroni?"

"Dini yangu haijanikataza kumhurumia, Mama Upendo. Imeniambia ninawe tu."

Kisha nikauliza kwa nini anauza nyumba. Akasema vitumbua havitoki, anakwenda kukaa kwa mwanawe, huko Wazo. Nikamuuliza kama anajua sababu.

"Najua."

"Na aliyesema unamjua?"

Akakoroga uji. "Spika ya kanisa lenu inasikika mpaka jikoni kwangu. Siku ile nilikuwa naloweka mchele. Nilikusikia mwanzo hadi mwisho."

Alinisikia! Mwanzo hadi mwisho, pamoja na makofi yenu. Na bado alinipakia kwenye bajaji. Ndugu zangu, mie nimeombewa na kuwekewa mikono miaka mingi, lakini siku pepo lilipong'oka ndani yangu nilikuwa kitandani nashika kikombe cha uji. Halikuwa pepo la mguu. Lilikuwa la kumtazama mtu kwenye tundu la ukuta na kujijibu mwenyewe badala ya kwenda kumuuliza.

Sasa niwaambie raha ninayoishi nayo! Yule mbwa anaitwa Afande, watoto wa mtaa ndio waliompa jina, kwa vile anakagua kila mgeni. Siku niliyorudi nyumbani na magongo, alikuwa amelala mlangoni kwangu, na hakurudi tena kulala kwa Bi Zuhura. Tumemgawana. Mie namwogesha na kumpa malazi, Bi Zuhura anampikia vichwa vya samaki na kumpitishia kwenye tundu kwa upawa mrefu. Wote watatu tumeridhika.

Afande ndiye aliyenifundisha kutembea upya. Nilikuwa nasimama nalia, yeye anarukaruka mbele yangu na mitatu yake, anageuka, ananingoja, kana kwamba ananiuliza tatizo liko wapi. Akitaka kuinua mguu kwenye mpapai anaanguka, anainuka, anajaribu upande mwingine. Hajawahi kuona haya hata siku moja. Kila asubuhi nakaa kwenye mkeka, nakagua nyayo zangu kwa kioo kama nilivyoagizwa, naye anakuja kunusa. Akinusa akaenda zake, najua niko salama. Kisha napitisha sumaku sakafuni kutafuta pini, na yeye ananifuata nyuma, kazi imemkolea. Nikishona, analaza kichwa karibu na pedeli. Mshono sasa umenyooka, muulizeni kwaya!

Asante Yesu kwa mguu. Asante kwa dawa, nazimeza kila siku, na wewe mwenye kiu isiyoisha au kidonda kisichouma, omba, kisha nenda ukapime. Mtegemee Mungu hata pale anapokuletea msaada kutoka kwa mtu uliyemkemea.

Lakini sijamaliza. Kile kibao bado kiko getini, na mnunuzi anakuja Jumanne. Nilimwomba Bi Zuhura msamaha kitandani hospitali, akanisamehe. Ila nilimchafua kwa spika, na siwezi kumsafisha kwa kunong'ona. Leo nimemwomba akaange sinia mbili, sikumwambia kwa nini. Yuko jikoni sasa hivi.

Wewe uliye kwenye mitambo, naomba uongeze sauti. Ongeza tena.

Bi Zuhura, ni mie, Mama Upendo. Nilisema uongo juu yako mahali hapa. Hukunitupia kitu. Uliniokota barabarani kama ulivyomwokota mbwa, na mikono yako ni safi kuliko yangu. Usiuze nyumba, dada yangu. Weka mafuta motoni.

Ndugu zangu, Afande huyo anabweka hapo mlangoni, amesikia jina la mpishi wake. Mie naongoza njia. Aliyeniamini niliposema yale, aniamini na leo, anyanyuke tukanunue vitumbua.